Sisi Tuliotunza Nguo za Wapiga Mawe



Makala hii tunaiandika tukiwa na deni. Likizo iliyopita baadhi yetu mafrateri tulipangiwa kukaa katika parokia moja ya vijijini, tukisaidia mafundisho ya Kipaimara na ibada za vigango. Kama ilivyo desturi siku hizi, siku ya kwanza tu tuliingizwa katika kundi la WhatsApp la kigango. Humo yalipita matangazo ya Misa, zamu za usafi, taarifa za misiba na majina ya waliochangia mabati ya kanisa jipya.

Alhamisi moja usiku iliingia picha. Ilionyesha ujumbe wa simu wa kutoa fedha kwa wakala: michango ya mabati, karibu yote, ilikuwa imetolewa. Namba iliyoituma ilikuwa imeingia kundini kwa linki siku hiyohiyo. Haikuwa na jina, na mahali pa sura palikuwa na picha ya ua. Chini ya picha yaliandikwa maneno machache tu: mabati yameliwa, muulizeni mweka hazina.

Mweka hazina alikuwa mama mjane, mwana WAWATA, ambaye alikuwa ameshika daftari la kigango kwa miaka mingi. Kufikia saa sita usiku ujumbe ulikuwa umepita mia mbili. Mmoja aliandika, "Lisemwalo lipo." Mwingine alikumbushia viatu vipya alivyovaa mama huyo siku ya Pasaka. Mwingine akauliza ada ya mtoto wake wa sekondari ilitoka wapi. Mama aliandika mara moja tu, akisema risiti zipo kwa katibu, na katibu yuko safarini msibani. Alijibiwa kwa vicheko.

Na sisi je? Mmoja wetu aliweka emoji ya kucheka. Wawili waliirusha ile picha katika kundi letu la darasa, na maneno ya mzaha juu yake. Waliobaki tulisoma mpaka mwisho, tukazima simu, tukalala. Hakuna aliyempigia mama simu, ingawa Jumanne ya wiki ileile tulikuwa tumekula ugali nyumbani kwake.

Jumapili katibu alirudi na risiti. Mwenye duka mjini alikuwa amekubali kupunguza bei endapo angelipwa taslimu, na mabati yalikuwa ghalani kwake yakisubiri lori. Paroko alizisoma risiti mbele ya waamini baada ya Misa, na maelezo yakawekwa kundini. Yalipata majibu tisa, mengi yakiwa "Amina" tu. Ile namba yenye ua ilikuwa imeshajitoa. Lakini mama alikuwa amekabidhi daftari na ufunguo tangu Jumamosi. Mwanawe mdogo, wa darasa la sita, alikuwa ameanza kuitwa "Bati" shuleni. Mpaka tunaondoka, mama huyo alikuwa anatembea mwendo wa saa nzima kwenda kusali kigango cha jirani.

Tuliporudi seminarini tulijadiliana sana juu ya tukio hili. Wengi wetu mwanzoni tulisema kosa ni la ile namba isiyo na jina. Tulisema kila mtu akilazimishwa kuonyesha jina na sura yake mtandaoni, ugonjwa huu utakwisha. Baada ya kutafakari, tumeona kwamba jibu hilo linatupendeza kwa sababu linatuweka sisi nje ya kesi. Namba isiyo na jina ilituma ujumbe mmoja. Ile mia mbili mingine ilitumwa na watu wenye majina, ambao baadhi yao hushika vitabu vya nyimbo kila Jumapili. Na sisi tulikuwamo.

Tuangalie nchi iliyowahi kujaribu dawa hiyo. Mwaka 2007 Korea Kusini ilianza kutumia sheria iliyozitaka tovuti kubwa kuthibitisha utambulisho halisi wa mtu kabla hajaandika maoni. Nia ilikuwa njema: kukomesha matusi na uvumi. Lakini Oktoba 2008, sheria hiyo ikiwa inatumika, mwigizaji maarufu wa nchi hiyo, Choi Jin-sil, alijiua baada ya kuandamwa na uvumi mtandaoni kwamba anahusika na deni la mwigizaji mwenzake aliyekuwa amefariki. Julai 2011 wadukuzi waliiba taarifa za watumiaji wapatao milioni 35 wa kampuni moja kubwa ya mtandao nchini humo. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba, kwa kauli moja ya majaji wote, iliifuta sheria ile, ikieleza pamoja na mengine kwamba haikuonekana kupunguza maovu yaliyokusudiwa.

Nasi hapa kwetu tuna mambo ya kujifunza. Laini zetu za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inaadhibu usambazaji wa taarifa za uongo na unyanyasaji wa mtandaoni. Hatusemi mambo hayo hayana faida. Tunasema tu kwamba kidole kilichosajiliwa ndicho hichohicho kinachobonyeza "tuma". Kujulikana na serikali au kampuni ya simu hakumfanyi mtu awe na huruma.

Tena, kuficha jina si uovu wenyewe. Yupo binti anayenyanyaswa na ndugu wa karibu, ambaye hawezi kuanza kusema kama jina lake litajulikana. Yupo mtumishi wa ofisi anayeona fedha za wananchi zikiibwa, na akijitaja atapoteza kazi, au zaidi ya kazi. Tunakumbuka kwamba Desemba 2016 mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, Maxence Melo, alikamatwa na kufikishwa mahakamani, suala mojawapo likiwa ni kutowapa polisi taarifa za watumiaji wa jukwaa hilo. Mwaka 2019 Kamati ya Kuwalinda Waandishi wa Habari ilimpa tuzo ya kimataifa. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya yanayoandikwa kwenye jukwaa lile, lakini hawezi kusema kwamba kila anayeficha jina ana nia mbaya.

Na sisi Wakatoliki tusisahau kwamba Kanisa lenyewe linatunza mahali pa kufichia uso. Kanuni namba 964 ya Sheria za Kanisa inataka kuwepo daima viti vya maungamo vyenye wavu kati ya muungamaji na padre, ili mwamini anayetaka aweze kuvitumia kwa uhuru. Bibi kizee, mwanafunzi, mkuu wa wilaya, wote wanaweza kupiga magoti nyuma ya wavu ule bila kutaja majina yao. Kwa nini Kanisa linaruhusu? Kwa sababu aibu inaweza kumzuia mtu asiseme ukweli juu yake mwenyewe, na Mungu anataka aokolewe.

Hapa ndipo tulipoiona tofauti. Nyuma ya wavu wa maungamo mtu anaficha uso ili ajishtaki mwenyewe, mbele ya mmoja aliyefungwa na siri, akitafuta msamaha. Nyuma ya picha ya ua mtu anaficha uso ili amshtaki mwingine, mbele ya mamia, bila kutafuta msamaha wala haki. Basi tunapotaka kupima jambo lililoandikwa bila jina, hatutauliza tu kama mwandishi amejificha. Tutauliza: anamshtaki nani, anapeleka mashtaka hayo kwa nani, na anataka nini kitokee? Anayempelekea mwenye mamlaka ya kuchunguza taarifa ya wizi, hata kwa siri, anatafuta haki. Anayeitupa katikati ya umati usiku anatafuta mawe.

Na mawe hupatikana hata kwa watu wenye nia nzuri. Tarehe 15 Aprili 2013 mabomu mawili yalilipuka karibu na mstari wa kumalizia mbio za marathoni za Boston, Marekani. Watu watatu walikufa na zaidi ya 260 walijeruhiwa. Polisi walipotoa picha za watuhumiwa, watumiaji wa mtandao wa Reddit walijipa kazi ya kuwasaidia. Walimlinganisha mmoja wa watuhumiwa na kijana mwanafunzi aliyekuwa ametoweka mwezi mmoja kabla, wakaamua kwamba ndiye. Familia yake ilikuwa imefungua ukurasa wa kumtafuta. Ukurasa huo ukajaa matusi, na wazazi waliokuwa wakilia kwa kupotelewa na mtoto wakaitwa wazazi wa gaidi. Siku chache baadaye mwili wa kijana ulipatikana mtoni. Alikuwa amekufa kabla mabomu hayajalipuka, na waliotenda uhalifu ule walikuwa watu wengine kabisa. Uongozi wa Reddit uliomba radhi hadharani. Wengi wa walioandika walidhani wanafanya wema. Ndivyo nasi tulivyodhani usiku ule: kwamba tunalinda sadaka za waamini.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 7, Stefano anapopigwa mawe, mwandishi anataja jambo dogo ambalo tumelisoma mara nyingi bila kusimama: mashahidi waliweka nguo zao miguuni pa kijana aitwaye Sauli. Sauli hakurusha jiwe. Alisimama tu, akatunza nguo ili wenzake wapate nafasi ya kurusha vizuri. Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 17, ilitaka shahidi awe wa kwanza kurusha jiwe, yaani mshtaki asimame mbele na kubeba uzito wa neno lake. Sauli hakubeba uzito huo. Leo kutunza nguo ni kuweka emoji ya kucheka. Ni kuirusha picha katika kundi lingine na kuandika "nimeletewa kama ilivyo". Ni kubaki kundini, kusoma kila neno, na kukaa kimya wakati unamfahamu vizuri anayeshambuliwa.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inatofautisha makosa matatu dhidi ya jina jema la mtu. La kwanza ni kumhukumu jirani bila msingi wa kutosha, hata kama ni moyoni tu. La pili ni kumsengenya, yaani kufichua kosa lake la kweli kwa wasiolijua, bila sababu ya haki. La tatu ni kumsingizia uongo. Tuangalie lile la pili, maana ndilo tunalolisahau. Wengi husema, "Lakini ni kweli!" Kanisa linajibu kwamba ukweli peke yake hautoshi kukupa ruhusa ya kuutangaza popote. Na kanuni namba 220 inasema wazi kwamba si halali kwa mtu yeyote kuharibu isivyo haki jina jema la mwingine.

Tunajua pingamizi litakalokuja hapa, na ni pingamizi zito. Je, mafundisho haya hayatumiki kuwafunika wakosaji? Je, Kanisa halikuumia vya kutosha kwa sababu ya watu kuambiwa wanyamaze ili kulinda jina? Ndiyo, limeumia, na wadogo ndio walioumia zaidi. Kwa hiyo hatusemi nyamazeni. Mwaka 2019 Papa Fransisko, katika waraka wake Vos estis lux mundi, aliagiza kila jimbo liwe na utaratibu wa kudumu, unaofikika kwa urahisi, wa kupokea taarifa za unyanyasaji. Na majina ya wanaokaribia kupewa daraja takatifu yanapotangazwa parokiani, kanuni namba 1043 inawadai waamini wanaojua kizuizi wamfunulie Askofu au Paroko. Sisi tunaosubiri siku hiyo tunajua kwamba kusema ni wajibu wenu kwetu. Mtu akiwa na jambo zito juu ya frateri, na alipeleke. Likiwa ni jinai, alipeleke pia polisi.

Tunachosema ni kwamba kundi la WhatsApp haliwezi kufanya kazi hiyo. Halina anayesikiliza pande mbili. Halina anayeomba risiti. Halina siku ya kufunga kesi, na halina uwezo wa kumrudishia mtu alichonyang'anywa. Tena kelele zake huwaumiza hata wenye mashtaka ya kweli. Kigango kilichowahi kudanganywa na picha moja kitaikataa picha ya pili, hata kama ya pili ni ya kweli. Siku mweka hazina mwingine atakapoiba kwelikweli, atakuwa na pa kujifichia: "Mnakumbuka mlivyomfanyia yule mama?"

Bwana wetu mwenyewe alituonyesha namna ya kusimama mbele ya umati. Katika Yohane, sura ya 8, walimletea mwanamke aliyefumaniwa. Hakubishana nao kwa sauti. Aliinama, akaandika chini, akawaambia neno moja lililomrudisha kila mtu kwenye dhamiri yake. Wakaondoka mmoja mmoja, wakianza wazee. Walikuja kama kundi, wakaondoka kama watu. Na mwanamke hakuambiwa kwamba kosa lake si kosa. Aliambiwa asitende dhambi tena. Lakini aliambiwa hivyo na Yesu, ana kwa ana, wapiga mawe wakiwa wameshaondoka. Na katika Mathayo, sura ya 18, anatupa ngazi za kupanda: kwanza wewe na ndugu yako peke yenu, kisha pamoja na mmoja au wawili, na hatimaye Kanisa. Sisi tulianzia mwisho, tena tukaruka hata huo mwisho.

Basi tumekubaliana mambo machache, na tunawakaribisha nanyi, hasa wasimamizi wa makundi ya jumuiya, kwaya, VIWAWA na WAWATA.

Kwanza, ujumbe unaomtaja mtu kwa ubaya usikae kundini hata saa moja. Msimamizi aufute, amwambie aliyeutuma apeleke jambo lake kwa mwenyekiti, Halmashauri ya Walei au Paroko, na amhakikishie kwamba litasikilizwa. Sehemu hii ya mwisho ni ya lazima. Viongozi wasiosikiliza ndio wanaowafundisha watu kutumia picha ya ua.

Pili, kabla ya kuandika neno juu ya mtu, mpigie simu. Ukishindwa kumwambia yeye, usiwaambie wengine mia mbili.

Tatu, hesabu za kigango zisomwe mara kwa mara, na fedha zisitolewe na mtu mmoja peke yake. Hii si dharau kwa mweka hazina, bali ni ngao yake. Uvumi hukua vizuri zaidi mahali ambapo hesabu hazijulikani.

Nne, na hili ndilo gumu: uharibifu unalipwa. Katekisimu, namba 2487, inafundisha kwamba aliyeharibu jina la mtu ana wajibu wa kufidia hata kama amesamehewa, na kama hawezi kufidia wazi, afidie kwa siri. Kuungama kwa padre ni muhimu, lakini hakumalizi deni kwa mama. Ulikorusha picha, rusha pia ukweli, kundi kwa kundi, ukiwa na jina lako. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyeyamwaga anaweza angalau kuchukua ndoo na kurudi kisimani.

Sauli alilipa hivyo. Miaka mingi baadaye, akiwa Paulo, katika sura ya 22 ya Matendo ya Mitume anasimulia kwamba damu ya Stefano ilipomwagwa yeye alikuwa amesimama pale, akikubali, akitunza nguo. Hakuna aliyemlazimisha kulitaja jambo hilo. Alilitaja kwa kinywa chake, hadharani.

Nasi tumejaribu. Tumeandika katika lile kundi la darasa, kila aliyehusika kwa jina lake, kwamba tulichosambaza kilikuwa uongo na tulikisambaza bila kuuliza. Kisha watatu wetu walipata ruhusa ya Gombera wakaenda kwa mama. Aliwapokea, akawakaribisha chai na viazi, akawasikiliza mpaka mwisho. Hakulia, wala hakusema maneno mengi. Alisema amesamehe. Halafu akauliza, "Na wale wengine, watakuja lini?"

Hatukuwa na jibu. Ndiyo maana tumeiandika makala hii. Kama ulikuwa katika kundi lile, au katika kundi lingine lolote lililowahi kumfanyia mtu hivyo, mama anasubiri, na njia ya kwenda kwake unaijua.